Malindi kwa Kufuata Maji: Mwongozo wa Bahari, Magofu na Msitu

Anayekuja Malindi kwa mara ya kwanza kwa kawaida hupanga safari yake kwa orodha: leo bahari, kesho magofu ya Gede, kesho kutwa Marafa. Orodha hiyo peke yake haitoshi. Bahari ina saa zake, msitu una saa zake, na korongo la Marafa lina saa moja tu kwa siku ambayo ukiikosa umekwenda kuona udongo. Aliyefika saa saba mchana mahali palipotakiwa alfajiri atarudi kwao akisema Malindi ni joto tupu, na kwa alichokiona hatakuwa amesema uongo.

Mwongozo huu ni wa safari ya siku nne au tano. Umepangwa kwa maji, jua na upepo, kwa sababu ndivyo wavuvi wetu wanavyopanga siku zao, na mimi sijaona mpango mwingine unaofaa zaidi huku.

Hatua ya 1: Chagua msimu

Pwani yetu ina pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma tangu Desemba hivi mpaka Machi. Joto ni kali, anga ni safi. Kusi huingia pamoja na masika mwezi wa Aprili na hukaza Juni, Julai na Agosti. Hali ya hewa inapoa, usingizi unakuwa mtamu, lakini bahari inachafuka. Mei ni mvua mtindo mmoja, na njia za udongo za kwenda Marafa na ndani ya msitu huwa tope. Baina ya kusi na kaskazi kuna kipindi cha matlai, kama Oktoba, bahari inapolala.

Hayo utayasikia kwa kila mtu. Jambo ambalo wageni hawaambiwi ni Mto Sabaki. Mto huu, ambao huko juu ni Athi na kisha Galana, humwaga maji yake kaskazini kidogo ya mji. Mvua zikinyesha bara, unashuka na udongo mpaka bahari inageuka rangi ya chai ya maziwa. Wakati wa kusi mkondo husukuma udongo huo kaskazini, kuelekea ghuba ya Ungwana. Wakati wa kaskazi huuleta kusini, mbele ya mji wenyewe. Ndiyo maana mtu anaweza kuja Desemba, bahari imetulia vizuri, akatumbukia na miwani ya kuzamia na asione hata vidole vyake.

Kwa hiyo, kama bahari ndiyo inayokuleta, njoo Oktoba kabla vuli haijajaza mto, au Februari na mwanzo wa Machi mto ukiwa umepungua. Ukilazimika kuja Novemba au Desemba, siku yako ya bahari ihamishie Watamu, kusini ya Malindi, ambako ni mbali zaidi na mlango wa mto. Kama unakuja kwa ajili ya magofu na msitu, Julai na Agosti ni miezi ya raha.

Hatua ya 2: Soma mwezi kabla hujakata tiketi

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huwa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ya juu na chini ikifika karibu mita 4. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu. Hujaa kidogo na kupwa kidogo.

Linalomfaa mgeni ni hili. Kwetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa asubuhi kati ya saa nne na saa tano, na hujaa alasiri kati ya saa kumi na saa kumi na moja. Siku za maji mafu mambo hugeuka, asubuhi saa hizohizo maji yamejaa. Maana yake ni kwamba kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa dukani inakuambia karibu kila kitu: tarehe 1 mpaka 4 na tarehe 15 mpaka 18 za mwezi mwandamo ni bamvua, karibu na tarehe 8 na tarehe 23 ni maji mafu. Ukiweza, fika tarehe 14 au 15 ya mwezi mwandamo. Utakuwa na maji ya kupwa asubuhi kwa ajili ya bahari, maji ya kujaa alasiri kwa ajili ya mikoko ya hori la Mida, na usiku mbalamwezi bila malipo.

Ukishafika, usiache kuuliza. Nenda jeti au pale mashua zinapotia nanga, toa salamu kwanza, kisha useme: "Nahodha, kesho maji yanapwa saa ngapi?" Utajibiwa papo hapo, na mara nyingi utaongezewa habari za upepo ambazo simu yako haina.

Hatua ya 3: Fika, tua mzigo, tengeneza malipo

Kutoka Mombasa ni kilomita 120 hivi, na matatu ni za kutwa. Ukitoka Nairobi, unaweza kuja kwa ndege mpaka uwanja wa Malindi, au kwa treni mpaka Mombasa kisha barabara. Lala Malindi mjini kama unapenda soko, mitaa na watu. Lala Watamu kama unataka kuamka ukitazama mchanga mweupe. Mimi ningelala mjini. Chakula ni rahisi, na asubuhi mahamri na mbaazi za nazi hayako mbali na mlango wako.

Ada za hifadhi za wanyama na bahari, na za makumbusho, siku hizi hulipwa kwa mtandao wa eCitizen, kwa hiyo fungua akaunti ungali nyumbani. Kwingine kote ni M-Pesa. Tuktuk na boda patana bei kabla hujapanda. Akina dada wabebe leso moja ya kujitupia mabegani na wanaume wabebe suruali ndefu. Nguo za kuogelea ni za ufuoni. Kwenye vichochoro vya mji mkongwe, ambako wazee wamekaa barazani na watoto wanatoka chuoni, mtu aliyejistiri hupokewa kwa uso mwingine kabisa.

Hatua ya 4: Jioni ya kwanza, mji mkongwe

Anza saa tisa na nusu alasiri, jua likiwa limelainika. Ingia mtaa wa Shela (hii ni Shela ya Malindi, usiichanganye na ile ya Lamu) na ufuate njia ya pwani mpaka Msikiti wa Juma. Kando yake kuna makaburi mawili ya nguzo, namna ya kaburi ambalo Waswahili wa kale waliwajengea watu wao wakubwa. Yatazame kutoka nje kwa heshima. Hapo ni makaburini na msikitini, watu wanaingia na kutoka kuswali.

Kutoka hapo hadi Nguzo ya Vasco da Gama ni mwendo mfupi wa miguu, ukipitia kikanisa kidogo cha Wareno chenye paa la makuti. Inakumbukwa kuwa Francis Xavier, mmisionari wa Kikatoliki, alipita Malindi mwaka 1542 akienda India, akamzika hapa askari mmoja wa Kireno. Ukifika nguzoni, ujue kwamba msalaba wa jiwe juu ndio wa kale, umetoka Ureno. Ile nguzo nyeupe inayoushika ilijengwa baadaye, na mahali penyewe si pale iliposimamishwa mwanzo.

Wageni wengi hupiga picha wakaondoka na habari ya Mreno. Naomba wewe uondoke na habari ya mwenyeji wake. Da Gama alifika Aprili 1498 akiwa ametoka Mombasa, ambako hakuelewana na watu. Mfalme wa Malindi, aliyekuwa na ushindani wake na Mombasa, akaona faida ya kuwa na rafiki mwenye mizinga, akampa rubani aliyejua njia ya kuvuka mpaka Calicut, India. Njia hiyo haikugunduliwa na mgeni. Mabaharia wa bahari hii walikuwa wakiipita kwa pepo zilezile za kaskazi na kusi. Na miaka mingi kabla ya Mreno, mwaka 1415, wajumbe wa Malindi walifika China na twiga, zawadi kwa mfalme wa ukoo wa Ming. Simama pale juu ya mwamba, tazama mashariki, ufikirie twiga akivushwa bahari ile yote akiwa hai.

Wakati wa kurudi pita kwenye sanamu ya Mekatilili wa Menza hapo mjini. Mwaka 1913 mama huyu wa Kigiriama alizunguka vijijini akicheza ngoma ya kifudu, akiwakusanya watu wakatae kodi na kazi za kulazimishwa za Waingereza. Walimkamata, wakampeleka mbali mpaka Kisii. Akatoroka, akarudi kwao kwa miguu. Mwaka 1914 Waingereza walilipua Kaya Giriama, boma takatifu la Wagiriama msituni, kwa baruti. Mpango wa safari ya Malindi usiomtaja huyu mama una kasoro kubwa.

Jioni kula samaki wa kupaka kwa wali wa nazi, na ulale mapema. Kesho ni alfajiri.

Hatua ya 5: Siku ya pili, msitu kabla ya jua

Toka kitandani saa kumi. Ofisi ya msitu wa Arabuko-Sokoke iko kwenye barabara kuu ya Mombasa, hatua chache kutoka njia panda ya Gede, na inafaa uwe hapo kunapopambazuka. Mpange mwongozaji tangu jana yake. Msitu huu una kilomita za mraba 420 hivi. Ndio mkubwa kuliko misitu yote mikavu ya pwani iliyobaki Afrika Mashariki, na ndani yake mna ndovu. Hiyo ni sababu tosha ya kutoingia peke yako. Sababu ya pili ni kwamba bila mwongozaji utaona miti tu.

Chukua mfano wa bundi wa Sokoke. Ana urefu wa sentimita 16 au 17, yaani anaenea kiganjani. Mchana hulala kwenye vijiti vya chini, wapo wa kijivu na wapo wa rangi ya kutu, na unaweza kusimama mbele yake usimwone mpaka mwongozaji akuonyeshe jani lenye macho. Yeye anajua wiki hii wamelala wapi, wewe hujui.

Angalia pia chini ya miguu yako, kwa sababu msitu hufuata udongo. Upande wa mashariki ni mchanganyiko wa miti, mibambakofi ikiwemo. Ukisonga ndani unaingia kwenye mchanga mweupe wa mirihi, ambako kuna nafasi na mwanga mwingi. Huko ndiko kunakotafutwa kwera wa Clarke, ndege wa rangi ya manjano na nyeusi ambaye haonekani nje ya kaunti hii ya Kilifi. Magharibi zaidi udongo unakuwa mwekundu, vichaka vinabana, na huko ndiko kwa bundi.

Halafu kuna sengi. Ni mnyama wa ukubwa wa sungura mdogo, miguu myembamba, pua ndefu inayochezacheza, na kiuno cha rangi ya dhahabu. Utamsikia kabla hujamwona: majani makavu yanachakurwa, kimya, yanachakurwa tena. Ukisikia hivyo, simama papo hapo. Usimfuate. Akiona hakuna anayemjia, mara nyingi hukatiza njia mbele yako, na ule umanjano wa nyuma yake ndio kitu cha mwisho unachokiona akiingia kichakani.

Kufikia saa tatu joto limepanda na ndege wamenyamaza. Toka.

Hatua ya 6: Gede

Kutoka msituni hadi magofu ya Gede ni karibu sana. Beba maji, ficha chakula. Kima wa pale wamezoea watu na ndizi ya mkononi si yako. Usiwape chochote, hata wakikutazama vipi.

Gede ulistawi hasa karne ya 15, na kufikia karne ya 17 watu walikuwa wamehama. Mwaka 1927 ukatangazwa kuwa mahali pa kuhifadhiwa, mwanaakiolojia James Kirkman akaanza kuchimba mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO ikauingiza katika Urithi wa Dunia. Waandishi wa zamani waliueleza kama mji wa Waarabu. Utafiti wa siku za karibuni unauona kuwa ni mji wa Waswahili, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa na watu wa pwani hii hii. Mwongozaji akikuambia habari ya kale, mwulize kwa upole habari mpya.

Usikimbie. Wengi hupita kwa nusu saa. Mimi nasema saa mbili, na nenda kwa utaratibu huu. Anza na kaburi lenye tarehe, karibu na lango. Limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, na kwa tarehe hiyo moja wachimbaji walipata pa kuanzia kuhesabu umri wa vingine. Kisha Msikiti Mkuu. Kabla hujaingia tazama mlango wa mashariki: pembeni ya tao kuna kichwa cha mkuki kimechongwa kwenye jiwe. Wengi hupita chini yake bila kuinua macho. Ndani, kibla bado kina alama za mabakuli ya kauri yaliyopachikwa. Kando kuna kisima kirefu, chenye birika la kutawadhia.

Halafu ikulu, na nyuma yake nyumba zilizopewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mikasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kauri. Hapa ndipo pa kukaa kitako. Utaona ua uliochimbwa chini kidogo ya sebule, vyumba virefu vyembamba (boriti ya mkoko ndiyo iliyoamua upana wa chumba), matundu ya vigingi ukutani ambako huenda mazulia yalitundikwa, na vyoo vyenye mahali pa kunawia. Watu hawa walikuwa na shanga za Venisi na sahani za China, na walikuwa wasafi.

Kwa nini waliondoka? Zinatajwa sababu kadhaa: maji ya visima kuzama, vita vya Wazimba waliopita pwani mwishoni mwa karne ya 16, mashambulizi ya Wagala kutoka kaskazini, na biashara kuhamia Mombasa pamoja na mtawala wa Malindi. Jambo la ajabu ni kwamba Wareno walioishi Malindi, kilomita 16 tu kutoka hapa, hawakuuandika mji huu.

Kabla ya kutoka, ingia kwenye banda la mradi wa Kipepeo, palepale Gede. Tangu 1993 wakulima wanaopakana na Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo wa msituni, na mabuu yao yaliyojifunga huuzwa nje ya nchi kwenye bustani za maonyesho. Mkulima anayepata ada ya shule kutokana na kipepeo hana haja ya kukata mti ambao kipepeo huyo anataga mayai. Nunua asali yao.

Hatua ya 7: Alasiri, Mida wakati maji yanaingia

Pumzika jua la mchana, kula, kisha ufike Mida kama saa nane na nusu, ikiwa ni siku za bamvua. Watu hukosea kwenda maji yakiwa yamepwa kabisa, wakidhani matope wazi ndiyo yenye ndege. Ndege wapo kweli, ila wametapakaa mbali na utawaona kama vidoa. Nenda maji yakiwa yanapanda. Kila hatua inayofunikwa inawasogeza kwako, mpaka wanabanana kwenye kipande cha mwisho cha tope. Kuanzia Septemba mpaka Aprili kuna wasafiri kutoka Ulaya na Asia; yule mweupe kwa mweusi mwenye mdomo mnene, anayekula kaa, hutoka pwani za Uarabuni.

Pita kwenye daraja la mbao lililowekwa juu ya mikoko na umwombe kijana anayekuongoza akutofautishie mkoko, mchu na mkandaa. Mkoko ni wenye mizizi kama miguu ya kaa. Ndio uliotoa boriti za Gede ulizoziwazia asubuhi. Maji yakijaa, chukua mtumbwi, ukakae kimya kwenye mkono mmoja wa hori. Upande wa Dabaso wanakijiji wamejenga mahali pa kulia kaa juu ya maji. Jua huzama upande wa msitu uliouzunguka alfajiri.

Hatua ya 8: Siku ya tatu, bahari

Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, za kwanza nchini Kenya. Unachotafuta ni saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, mpaka saa moja baada yake. Kwa bamvua, hiyo ni kuingia mashuani saa mbili na nusu au saa tatu. Wakati huo mwamba wa nje unakata mawimbi, ndani panakuwa shwari, na matuta ya mchanga yanachomoza katikati ya bahari. Ukienda maji yamejaa, matumbawe yako chini sana na mawimbi yanakupiga.

Mashua ya kioo inawafaa watoto na wasiojua kuogelea. Anayeweza, ashuke. Vaa fulana badala ya kujipaka mafuta ya jua mwili mzima, na viatu vya mpira kwa ajili ya matope na miba, lakini usikanyage tumbawe hata kwa viatu: ni kiumbe hai, na kinakua polepole mno. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi hapa, na yale unayoyaona yamerudi kwa taabu. Mtu wa mashua akitoa mkate awatupie samaki ili wakusanyike, mwombe asifanye hivyo. Tasi, pono na changu wana chakula chao.

Ukiwa kichwa chini, acha kupiga miguu, usikilize. Utasikia mtafuno mkavu. Ni pono wanaguguna mwamba kwa yale meno yaliyoungana, na wanachokitoa baadaye ni mchanga mweupe. Sehemu ya mchanga mweupe wa ufuo unaoulalia imepita tumboni mwao.

Usichukue kombe wala kununua. Mchana, kama uko Watamu, nenda Local Ocean Conservation, waliojulikana zamani kama Watamu Turtle Watch tangu 1997. Mvuvi akinasa kasa kwenye wavu kwa bahati mbaya huwapigia simu. Wanakuja, wanampima, wanamtia alama na kumrudisha baharini, na mvuvi hulipwa kidogo kwa usumbufu wake. Kasa wagonjwa, wakiwemo waliomeza plastiki, wanatibiwa hapo.

Hatua ya 9: Siku ya nne, kaskazini mpaka Marafa

Kodi gari au mpate wenzenu mchange. Ondokeni adhuhuri, msiondoke asubuhi. Mkivuka daraja la Sabaki, simameni Mambrui kwanza: mji wa zamani wenye kaburi la nguzo lililopambwa kwa bakuli za China, na ambako mwaka 2010 wachimbaji walipata sarafu ya Kichina ya enzi ya Yongle. Msimu wa maembe, nunueni ngowe barabarani. Mbele zaidi kwenye barabara hii ni Ngomeni, ambako Waitaliano walikuwa wakirusha setilaiti kutoka majukwaa ya baharini. Ile iitwayo Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri. Kwa Waitaliano hao na wenzao waliowafuata, utakuta vijana wengi wa Malindi wakizungumza Kiitaliano kama maji.

Kisha ingieni bara. Korongo la Marafa, ambalo Wagiriama huliita Nyari, liko kama kilomita 40 kutoka Malindi. Mchana joto humo ndani ni kali mno na mwanga mkali hufuta rangi zote. Fikeni saa kumi, mlipe ada ya wanakijiji wenyewe, mshuke na mwongozaji saa kumi na nusu jua likiwa limeinama. Ndipo kuta zinapoanza kujitenga: nyeupe juu ya waridi, waridi juu ya rangi ya chungwa, chini nyekundu nzito. Shika ukuta kidogo tu. Ni mchanga ulioshikana, unamomonyoka kwa kidole, na ni mvua iliyouchonga na inayoendelea kuuchonga. Msipande kwenye ncha kwa ajili ya picha.

Wazee wanasimulia kuwa hapa paliishi familia tajiri iliyokuwa na ng'ombe wengi mpaka wakaoga maziwa, majirani wakilala njaa. Mungu akakasirika, ardhi ikawameza. Weupe ni maziwa, wekundu ni damu yao. Sikiliza mpaka mwisho, usimkatize mzee kwa habari za jiolojia. Zitakuwepo hata kesho.

Na kuna jambo ninalokuomba kwa moyo wote. Njia za huku ukiona vigango, nguzo za mbao zilizochongwa kwa ajili ya waliokufa, usiziguse, na mtu akija kukuuzia kimoja, kataa. Vigango vingi viliibwa makwao na kuishia kwenye makumbusho na majumba ya Marekani, na vichache vilivyorudi vimerudi baada ya kudaiwa kwa miaka. Familia iliyoibiwa kigango imeibiwa mzee wao. Hali kadhalika usiingie kaya bila ruhusa ya wazee. Misitu ya kaya za Mijikenda iko katika Urithi wa Dunia tangu 2008, lakini kwa wenyewe ilikuwa mitakatifu zamani sana kabla ya hapo.

Hatua ya 10: Ukiwa na siku mbili zaidi, Lamu

Basi la Lamu hupitia Garsen na Witu mpaka Mokowe, kisha boti. Uliza hali ya usalama barabarani kabla ya kukata tiketi. Anayependa kuepuka njia ndefu hupanda ndege mpaka Manda. Lamu mjini hapahitaji ratiba: tembea, pisha punda, ingia ngome iliyomalizwa kujengwa mwaka 1821 na ambayo ilikuwa jela mpaka 1984. Ukifika wakati wa Maulidi, Mfungo Sita, tafuta malazi mapema sana, kwani wageni wa Msikiti wa Riyadha hutoka mbali.

Kinachohitaji hesabu ni Takwa, mji wa magofu ulioko kisiwani Manda, wenye msikiti uliosimamishiwa nguzo juu ya kibla. Watu wa Shela ya Lamu bado huenda huko kuomba mvua. Mashua huingia kwa mkono wa bahari uliojaa mikoko, na huingia wakati maji yamejaa tu. Siku za bamvua maji hayo ni ya alasiri, kwa hiyo ondoka Lamu saa nane na nusu, uwe Takwa saa tisa na nusu maji yakiwa bado yanapanda, na urudi mashuani kabla ya saa kumi na moja na nusu. Siku za maji mafu nenda asubuhi, kwa mashua ndogo isiyozama sana majini. Beba maji ya kunywa na tochi. Nahodha akikuita, nenda saa ileile, kwa sababu mkono ukikauka mashua hukaa kwenye tope, na maji hayarudi mpaka usiku wa manane.